Kutabiri ajali kazini kwa data: anza na siku ambazo hakikutokea kitu

Watu wengi wakisikia habari za kutabiri ajali kwa data wanawaza makamera kila kona, sensa kwenye kila helmeti na jamaa mmoja wa kompyuta anayeongea lugha yake peke yake, alafu wanakata tamaa hapohapo. Kumbe sehemu ngumu ya hii kazi haipo kwenye kompyuta kabisa, ipo kwenye daftari, na daftari lenyewe wengi wetu tunalijaza vibaya toka siku ya kwanza.

Mi nipo upande wa sefti na kosa nililolifanya mwanzoni ndo hilohilo naona wenzangu wanalirudia. Nilikusanya fomu zote za ajali, nikazipanga kwenye Excel, nikachora chati zenye rangi nzuri, nikagundua ajali nyingi zinatokea shifti ya mchana. Nikaenda kwa meneja kifua mbele. Akaniuliza swali moja tu, "mchana wanaingia watu wangapi na usiku wangapi?" Mchana walikuwa mara tatu ya usiku. Ukigawanya vizuri, usiku ndo ulikuwa unaumiza watu zaidi na mimi nilikuwa nimekuja kuomba bajeti ya mchana. Nilirudi zangu kimyakimya.

Kwa hiyo kabla ya yote shika hili, ajali peke yake hazikwambii kinacholeta ajali. Lazima uwe na rekodi ya shifti zilizoisha salama ndo upate cha kulinganisha. Mfano unaouma kuliko yote ni wa chombo cha anga cha Challenger. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 mainjinia wa kampuni iliyotengeneza roketi zake walikuwa kwenye simu na NASA, shirika la anga la Marekani, wakibishana kama baridi ya kesho yake itaathiri ringi za mpira zinazoziba maungio ya roketi. Mainjinia walisema msirushe, ila ushahidi uliojadiliwa ulihusu zaidi zile safari ambazo ringi zilipata shida, na kati ya hizo kulikuwa na ya siku ya baridi na ya siku ya joto pia, basi ikaonekana kama hali ya hewa haihusiki. Tume iliyochunguza baadaye ikafanya kitu rahisi sana, ikazirudisha kwenye chati safari ambazo hazikuwa na shida yoyote. Safari 20 zilizorushwa kwenye nyuzi joto kama 19 au zaidi, ringi zilisumbua mara 3 tu. Safari 4 za nyuzi kama 17 kushuka chini, zilisumbua zote 4. Asubuhi ile ilikuwa kama nyuzi 2. Chombo kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka na wote 7 waliokuwemo wakafa. Hakikuhitajika kikokotoo cha ajabu pale, ziliachwa tu nje ya karatasi zile safari nzuri.

Sasa tuingie kazini.

Daftari

Fungua shiti moja, Excel au Google Sheets inatosha kabisa. Kila mstari uwe ni shifti moja ya eneo moja, yaani kama una maeneo manne na shifti mbili basi kila siku unaandika mistari minane, itokee ajali isitokee. Najua inachosha kujaza mistari ya siku ambazo hakuna kitu, ndo maana watu hawafanyi, lakini bila hiyo mistari huku kwingine kote nitakakokueleza hakufiki.

Safu za kujaza usiweke hamsini. Weka zile ambazo mtu anaweza kuzijua KABLA shifti haijaanza, maana unataka kutabiri, huandiki historia. Wangapi wanaingia na wangapi kati yao hawajamaliza mwezi kazini, wangapi walipiga ovataimu jana (idadi tu, sio majina, nitaeleza kwanini), huu ni usiku wa ngapi mfululizo, kuna kazi ya juu au ya umeme au ya kuingia ndani ya tanki, mashine ipi imepitisha tarehe ya matengenezo na kwa siku ngapi, joto linalotegemewa, kuna wakandarasi wa nje, na oda ya siku hiyo ni ya kawaida au tumebanwa. Hiyo ya kubanwa usiidharau, watu wakikimbizana na oda ndo vizuizi vya mashine vinapofunguliwa "kidogo tu" ili kazi iende.

Ya wageni, yaani wale wapya kazini, nayo usiiache. Utafiti uliofanywa Canada ulikuta mfanyakazi aliye kwenye mwezi wake wa kwanza ana hatari zaidi ya mara tatu ya kuumia hadi kushindwa kwenda kazini ukimlinganisha na aliyepitisha mwaka. Na sio kwamba ni kijana mzembe, hata mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka akihamia sehemu mpya hajui bado ngazi ipi inateleza.

Safu ya mwisho ndo matokeo: hakuna kitu, nusura (mtu amekoswakoswa), huduma ya kwanza, au ajali ya kumfanya mtu ashindwe kuja kazini. Afu rekodi na masaa yaliyofanyika, maana kulinganisha eneo la watu 10 na la watu 80 bila kugawanya kwa masaa ndo lile kosa langu la mchana na usiku. Marekani OSHA, mamlaka yao ya usalama kazini, wanatumia masaa 200,000, ambayo ni watu 100 wakifanya masaa 40 kwa wiki kwa wiki 50, unachukua idadi ya matukio unazidisha kwa 200,000 unagawanya kwa masaa yenu halisi. Wengine wanatumia masaa milioni moja. Chagua moja ukae nayo.

Nusura ndo dhahabu, ila inapotea kirahisi

Ajali kubwa ni chache, mshukuru Mungu, lakini uchache huohuo unafanya hesabu zisitoke. Huwezi kufundisha modeli, yaani ile hesabu ya kompyuta inayojifunza kwenye daftari lako ili itabiri, kwa ajali mbili. Kwa hiyo unategemea nusura, yale matukio ya mtu kukoswakoswa, spana imedondoka toka juu ikapita karibu na bega la mtu, foklifti imefunga breki mguu mmoja kutoka kwa mtu aliyekuwa anapita, waya umetoa cheche bila kumshika mtu. Hizo ni nyingi na zinatokea kila wiki, tatizo hakuna anayezisema.

Kwanini hazisemwi? Kwasababu aliyesema mwezi uliopita aliandikiwa barua ya onyo. Ni hivo tu, hakuna siri nyingine. Kwenye usafiri wa ndege Marekani walilitatua toka 1976 kwa kuanzisha mfumo ambao rubani anaripoti kosa kwa NASA badala ya kwa mamlaka inayomwadhibu, jina lake linatolewa kwenye ripoti, na kuripoti kunampunguzia adhabu kwa makosa ambayo hakuyakusudia. Mpaka leo wamepokea ripoti zaidi ya milioni moja. Kazini kwako huna NASA lakini unaweza kuweka sanduku la karatasi au namba ya WhatsApp inayoshikwa na mtu ambaye sio bosi wa mtu yeyote, fomu iwe na maswali matatu tu, wapi, saa ngapi, kilitaka kutokea nini. Na kitu kimoja kirekebishwe hadharani wiki hiyohiyo kutokana na ripoti, hata kama ni taa iliyoungua, watu waone kusema kuna faida.

Onyo: ukifanikiwa, namba za nusura zitapanda ghafla na mkubwa wako atashtuka atadhani hali imeharibika. Mwambie mapema, kabla hujaanza, kwamba miezi ya mwanzo namba itapanda na hiyo ndo dalili nzuri. Nisipomwambia mapema nakuwa na mzozo, nimejifunza kwa njia ngumu.

Kuna na mtego mwingine hapohapo. Supavaiza mkweli anayeripoti kila kitu, eneo lake litaonekana jekundu kuliko la yule anayeficha. Modeli haijui nani anaficha. Dawa yake ni kuweka pembeni vitu visivyofichika, bandeji ngapi zimetoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza, mashine ilisimama kwa dharura mara ngapi, spea gani zimebadilishwa kabla ya muda wake. Eneo lenye nusura sifuri na bandeji zimeisha, hapo kuna kitu, kaongee nao kirafiki.

Utakutana pia na ile piramidi ya Heinrich, mtaalamu wa usalama kazini, ya 1931, ajali 1 kubwa kwa 29 ndogo kwa 300 zisizoumiza mtu, watu wanaibandika ukutani kama amri. Usiitumie kama kanuni ya kutabiri. Kupunguza watu kujikata vidole hakupunguzi mlipuko wa gesi, sababu zake ni tofauti. Tarehe 20 Aprili 2010 wakubwa walikuwa wametembelea mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon, na moja ya mambo ya kupongezana ilikuwa ni miaka 7 bila ajali ya kumfanya mtu ashindwe kuja kazini, na usiku huohuo ukalipuka, watu 11 wakafa. Kwa hiyo kila nusura iwekee alama moja ya ziada: je, ingeenda vibaya kidogo tu, mtu angekufa? Kimo, umeme, magari, presha, vitu vinavyozunguka, vitu vilivyoning'inia, hewa mbaya ndani ya tanki. Hizo zifanyie hesabu zake peke yake, usizichanganye na kuteleza kwenye korido.

Hesabu ya kwanza, bila modeli yoyote

Ukiwa na miezi mitatu minne ya daftari, usikimbilie akili bandia. Tengeneza jedwali la majumuisho kwenye Excel, ile pivoti, linganisha safu moja moja. Chukulia una shifti 400 na kati yake 40 zilikuwa na tukio. Ukiangalia matukio tu unakuta 20 yalitokea baada ya ovataimu ndefu na 20 bila ovataimu, nusu kwa nusu, unasema basi ovataimu haina neno. Sasa leta na shifti salama. Zenye ovataimu zilikuwa 100 jumla, kwa hiyo 20 kati ya 100 ni asilimia 20. Zisizo na ovataimu zilikuwa 300, 20 kati ya 300 ni kama asilimia 7. Mara tatu! Data ni ileile, kilichobadilika ni umeziruhusu zile shifti za kawaida ziongee. Fanya hivo kwa wageni, kwa joto, kwa mashine zilizochelewa kutengenezwa, na andika pembeni zile safu mbili tatu zinazoachana sana.

Kwa sehemu nyingi za kazi hapa panatosha kabisa kuanza kuchukua hatua. Sitanii. Nimeona watu wanahangaika na programu nzito wakati jedwali la namna hii lilishawaambia kila kitu.

Ila angalia vitu vinavyotembea pamoja. Labda ovataimu inakuja siku ambazo oda imebana na wageni wameongezwa, sasa huyo mkosaji ni nani kati ya watatu? Hapo ndo modeli inaanza kuwa na maana.

Ukitaka modeli

Anza na rigresheni ya lojistiki (inapima kila safu inaongeza au inapunguza kiasi gani uwezekano wa tukio) au mti wa maamuzi (maswali ya ndiyo na hapana yanayofuatana mpaka jibu), hizo mbili zinaelezeka kwa mtu wa kawaida na supavaiza hatakubali kusimamisha kazi kwa namba asiyoielewa. Programu za R na Python ni za bure, na kama kuandika kodi hutaki kuna Orange, nayo ya bure, unaburuta vibox tu unaviunganisha. Kanuni ya kukadiria inayotumika sana ni uwe na matukio kama 10 kwa kila safu unayoingiza, kwa hiyo mwenye matukio 40 aingize safu nne zile zenye nguvu, asimwage zote ishirini. Ukizimwaga zote modeli itakariri daftari lako badala ya kujifunza, itakuwa kama mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana.

Kupima: usichanganye mistari ovyo ukakata nusu kwa nusu. Fundisha kwa miezi ya mwanzo, pima kwa miezi ya mwisho, mfano Januari hadi Septemba kufundisha na Oktoba hadi Desemba kupima, kwasababu kazini nako utakuwa unatumia jana kutabiri kesho. Na ukiona modeli inapatia ajabu, usishangilie, tafuta safu inayovujisha jibu. Mtu mmoja aliweka safu ya "mashine ilizimwa kwa ukaguzi", modeli ikawa inapatia karibu kila kitu, kumbe mashine ilikuwa inazimwa baada ya ajali. Hiyo haitabiri, inasoma msiba ukiwa umeshatokea.

Usikubali pia mtu akuuzie modeli kwa kusema inapatia asilimia 99. Kama tukio kubwa linatokea mara 1 kwa shifti 200, hata mimi nikikaa nasinzia nikawa nasema "leo salama" kila siku nitapatia asilimia 99.5 na sijaokoa mtu. Swali la kumuuliza ni hili: nikipanga shifti zote toka yenye hatari kubwa hadi ndogo nikachukua sehemu ya kumi ya juu, ambazo ndo naweza kuzifuatilia kwa watu nilionao, ndani yake yamo matukio mangapi? Yakiwa asilimia 10 basi ni sawa na kurusha shilingi. Yakiwa asilimia 35 au 40, hapo kuna kitu cha kufanyia kazi.

Namba nyekundu imetokea, afu?

Hapa ndo miradi mingi inakufa. Asubuhi namba inatoka nyekundu, yaani modeli imesema shifti ya leo ni ya hatari, mtu wa sefti anatuma meseji "leo tuwe makini", basi imeisha. Watu hawawezi kuwa makini zaidi kwa kuambiwa, tena baada ya wiki mbili hawaisomi kabisa.

Kabla hujawasha modeli kaa na masupavaiza muandike kwa kila sababu ya wekundu kinachofanyika na nani ana mamlaka ya kukifanya bila kupiga simu juu. Wageni wengi? Kila mmoja anapangwa na mtu wa zamani, na kazi ya juu inasogezwa kesho. Joto? Kazi nzito inahamia alfajiri na mapumziko yanaongezwa. Mashine imepitisha matengenezo? Inasimama mpaka fundi aione, na hili meneja alisaini mapema, sio lianze kujadiliwa saa kumi na mbili asubuhi watu wamesimama. Foklifti na watembea kwa miguu wanagongana kwenye njia moja kila wiki? Weka kizuizi cha chuma, njia zitengane kabisa. Utaratibu wa hatua unajulikana, kwanza ondoa hatari yenyewe, ukishindwa badilisha, ukishindwa zuia kwa kifaa, alafu ndo mipangilio ya kazi na mafunzo, na vifaa vya kujikinga viwe vya mwisho. Ukiona majibu yako yote yanaishia kwenye glavu na helmeti ujue hujatatua.

Afu ongeza safu kwenye daftari: "hatua iliyochukuliwa". Bila hiyo itakutokea kitu cha kuchekesha, modeli inasema Jumanne ni hatari, mnachukua hatua, Jumanne inapita salama, daftari linaandika "hakuna kitu", na baada ya miezi sita modeli inajifunza kwamba siku zenye wageni na joto ni salama kabisa. Imeharibiwa na mafanikio yenu wenyewe. Ukiwa na hiyo safu unaweza kuzitenganisha siku mlizoingilia kati na zile mlizoacha.

Majina yakae mbali

Nilisema nitaeleza. Kuna kishawishi kikubwa cha kutabiri MTU, fulani ana alama 8 kati ya 10, muangalie huyo. Usiingie huko. Kwanza hesabu haikai, mtu mmoja ana matukio machache mno kumwekea alama, na mara nyingi huyo "mwenye mikosi" ndo yuleyule anayepewa kazi mbaya kila siku kwasababu hakatai. Pili, siku watu wakijua kuna orodha ya majina hutapata ripoti nyingine ya nusura, daftari lako litakuwa safi kama limetoka dukani na hutajua kitu. Tabiri kazi, eneo, saa, mashine. Taarifa za kuingia na kutoka za watu zikiingia kwenye shiti zigeuzwe idadi kabla hazijafika kwa anayechambua, na waambie wafanyakazi kinachokusanywa ni kipi na hakitatumika kumfukuza mtu, wapeni kabisa na wawakilishi wao haki ya kufungua hiyo shiti waione.

Kila baada ya miezi mitatu rudi ukague, safu isiyosaidia itoe ili watu wapumzike kuijaza, na linganisha utabiri wa miezi hiyo na kilichotokea kweli. Na ikiingia mashine mpya au mkahamia jengo jipya au shifti zikabadilishwa toka masaa 8 kwenda 12, modeli ya zamani haijui lolote kuhusu hayo, izime kwenye eneo hilo, rudini kwenye daftari tupu na supavaiza anayezunguka kwa miguu mpaka mistari mipya ifike ya kutosha.